XMRV si chanzo cha uchovu sugu

Hadi leo utakutana na mtu anayeapa kwamba ugonjwa wa uchovu sugu unaletwa na kirusi kiitwacho XMRV. Dai hilo lilianzia Marekani. Oktoba 2009 jarida la Science liliripoti kuwa kimeonekana kwa wagonjwa 68 kati ya 101, na kwa watu wenye afya 8 tu kati ya 218. Kwa namba hizo, nani asingeshawishika?

Maabara nyingine zikapima, zisikione. Baadaye asili yake ikajulikana: miaka ya 1990 watafiti walipandikiza uvimbe wa saratani ya tezi dume kwenye panya, na humo virusi viwili vya panya vikaungana, kikazaliwa kimoja kipya. Ni kirusi cha maabarani, kilichochafua sampuli kama mchanga kwenye mchele. Desemba 2011 Science ikaiondoa makala ile. Mwaka 2012 timu ya Ian Lipkin, mtafiti wa virusi wa Marekani, ilipima wagonjwa 147 bila kujua damu ipi ni ya nani. Haikukuta vinasaba vya XMRV kwa yeyote.

Ugonjwa wenyewe si wa kusingizia, tafadhali. Wengine huwaanza baada ya maambukizi ya kirusi kingine, Epstein-Barr, na kuoga tu kunaweza kumlaza mtu siku nzima.