Jiwe la nyoka halifyonzi sumu

Kundi la watembeaji linalotoka Dar kwenda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, halikosi mtu mwenye jiwe la nyoka mkobani. Ukiumwa, anakuambia, libandike kwenye jeraha: litanata, litafyonza sumu, likishiba litadondoka lenyewe.

Kunata linanata kweli. Mara nyingi "jiwe" hilo ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa hadi ukawa mweusi. Una vitundu vidogo vinavyonyonya unyevu. Ubandike hata kwenye ulimi, utaganda. Ukishalowa damu, unaachia. Sumu yenyewe haikai juu ya ngozi ikilisubiri jiwe: meno ya nyoka huiingiza ndani ya nyama, na huko inasambaa. Mbona basi wengine hupona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Sifa inachukua jiwe.

Kinachosaidia ni kutulia, kuvua pete na saa kabla mkono haujavimba, kukifunga kiungo kwenye kijiti kilichonyooka kisitikisike, na kuwahi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Usichanje, usikaze kamba.

Halafu kuna kifutu, nyoka mnene mwenye sumu, ambaye hakimbii akisikia hatua. Hulala palepale kwenye majani makavu. Vaa viatu vinavyofunika kifundo, na kagua gogo kabla hujalikalia. Ndala waachie wanaokwenda ufukwe wa Coco.