Je, wajua kwa nini fikra za Amílcar Cabral zilianzia shambani?

Wanafikra wengi wa siasa wa karne ya 20 walikuwa wanasheria, walimu au waandishi. Amílcar Cabral, aliyeongoza mapambano ya kuing'oa Ureno huko Guinea-Bissau na Cape Verde, alikuwa bwana shamba, na kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha siasa.

Alizaliwa Bafatá, katika Guinea ya Wareno (Guinea-Bissau ya leo), mwaka 1924, akakulia Cape Verde. Miaka ya 1940 ukame ulipoleta njaa visiwani, maelfu kwa maelfu ya watu walikufa na serikali ya kikoloni haikujali sana. Mwaka 1945 alikwenda Lisbon kusomea kilimo.

Aliporudi Guinea mwaka 1952 aliajiriwa na serikali ileile ya kikoloni, na mwaka uliofuata akakabidhiwa sensa ya kilimo ya nchi nzima. Wareno walitaka takwimu. Yeye alipata zaidi ya takwimu. Kijiji hadi kijiji aliuliza nani analima nini, anamuuzia nani, na nani anamwamrisha. Pwani aliwakuta Wabalanta wakijenga matuta ya kuzuia maji ya chumvi yasiingie kwenye mpunga. Hawakuwa na machifu. Mambo yao yaliamuliwa na wazee. Bara aliwakuta Wafulani wenye machifu, ambao wengi wao walinufaika na utawala wa Wareno. Vita vilipoanza Januari 1963, haikumshangaza kwamba Wabalanta waliunga mkono kwa wingi huku machifu wengi wa Kifulani wakibaki upande wa mkoloni.

Lakini somo zito zaidi lilihusu ardhi. Kenya na Algeria walowezi walikuwa wamepora mashamba, kwa hiyo ukimwambia mkulima "turudishiwe ardhi yetu" anakuelewa mara moja. Guinea haikuwa na walowezi wengi. Mkulima alikuwa na shamba lake. Alichoibiwa ni jasho, kwa kodi na kwa bei ya karanga iliyopangwa na makampuni ya Kireno. Cabral aliliona hilo na akakataa kuazima kaulimbiu ya watu wengine. Kwangu mimi hapo ndipo kipaji chake kilipo, maana viongozi wangapi wamehutubia vijiji kwa maneno waliyoyaokota nchi nyingine?

Ndiyo maana chama chake, PAIGC, kilifungua maduka ya wananchi katika maeneo yaliyokombolewa, mkulima akibadilisha mchele wake kwa nguo na mahitaji mengine bila kunyonywa. Katika maagizo yake kwa wanachama mwaka 1965 aliwakumbusha kwamba watu hawapiganii mawazo yaliyo kichwani mwa mtu fulani, wanapigania maisha bora na amani. Humohumo aliandika agizo linalonukuliwa hadi leo: msiseme uongo, msijidai kwa ushindi rahisi. Na hayakuwa maneno ya jukwaani tu. Mwaka mmoja kabla, kwenye mkutano mkuu wa chama huko Cassacá, makamanda waliokuwa wakiwanyanyasa wanavijiji walichukuliwa hatua kali.

Januari 1966, mjini Havana, Cuba, alisema jambo lililowakera wengi wa tabaka lake. Wasomi wachache waliopitia shule za mkoloni, alisema, ndio watakaoishika dola uhuru ukipatikana, na wana njia mbili tu: kuusaliti umma, au kujiua kama tabaka, yaani kuyaacha maslahi yao na kuwa kitu kimoja na wakulima na wafanyakazi.

Aliuawa Conakry, mji mkuu wa nchi jirani ya Guinea, tarehe 20 Januari 1973 na watu wa chama chake mwenyewe. Mkono wa polisi wa siri wa Ureno katika njama hiyo unajadiliwa mpaka sasa. Miezi minane baadaye Guinea-Bissau ilijitangazia uhuru, na Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, wamechoshwa na vita vya Afrika, wakaiangusha serikali yao.

Kinachofanya aendelee kusomwa ni yaliyofuata. Viongozi wapya walihamia Bissau, kwenye ofisi walizoziacha Wareno, na vijiji vilivyobeba vita vikasahaulika taratibu. Novemba 1980 kamanda maarufu wa vita hivyo, João Bernardo Vieira, alimpindua rais Luís Cabral, ndugu yake Amílcar, na mpango wa kuziunganisha Guinea-Bissau na Cape Verde ukafa siku hiyo. Njia ile ya pili aliyoitaja Havana ilipata wafuasi wachache sana.