Ugoro hauna moshi, lakini unamfikia mtoto tumboni

Mama mjamzito huambiwa: "Sigara ndiyo mbaya, ugoro hauna moshi, tena unakata kichefuchefu." Hata hapa Arua, Uganda, wapo wanaoamini hivyo. Si kweli! Nikotini, kilevi kilichomo kwenye tumbaku, haihitaji moshi. Ugoro ukiwekwa chini ya mdomo, nikotini hupenya ufizi, huingia kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hubana pia mishipa, hivyo chakula na oksijeni vinavyomfikia hupungua. Utafiti wa Mumbai, India, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta watoto wa akina mama waliotumia tumbaku isiyo ya moshi wakizaliwa pungufu kwa wastani wa gramu 105, na njiti walikuwa wengi zaidi. Gramu hizo si kidogo kwa mtoto anayekaribia kilo 2.5, chini ya hapo huhesabiwa ana uzito mdogo, na baridi na maambukizi humshinda upesi. Kuber, tumbaku nyingine isiyo ya moshi, ni hivyohivyo (na sheria ya Uganda ya 2015 imepiga marufuku kuiuza).

Mkunga akikuuliza kliniki, "Unavuta sigara?", dada yangu, usiishie kusema hapana. Mtajie na ugoro, akusaidie kuuacha mapema.