Sabuni ya uso kwa ngozi kavu: ipi ni laini, na ulipe kiasi gani?

Dodoma mvua ikishakatika, hewa hubaki kavu na upepo wa vumbi huvuma miezi mingi mfululizo mpaka mvua zirudi mwishoni mwa mwaka. Kipindi hicho wanaokuja duka la dawa kuulizia sabuni ya uso huongezeka, na wengi huwa wameshamaliza fedha kwenye chupa zisizowasaidia. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi.

Nikishanawa, uso unakaza mpaka nashindwa kucheka vizuri, halafu mashavu yanatoa unga mweupe. Huu ni ugonjwa?

Mara nyingi ni ukavu tu. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi, na kazi yake ni kuzuia maji ya mwilini yasitoroke na kuzuia vitu vya nje visiingie. Seli za tabaka hilo hushikanishwa na mafuta yanayotengenezwa na ngozi yenyewe. Mafuta hayo yakipungua, kwa baridi, upepo, umri au kwa kusuguliwa na sabuni kila siku, maji hupotea, seli hujikunja na kubanduka, na ndio huo unga unaouona.

Vipeperushi vingi vya afya husema ngozi iliyokereka huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida. Wewe angalia upauke wa kijivu, mabaka yenye weusi kuliko ngozi ya pembeni, na ukwaruzo unapopitisha kiganja shavuni.

Kwa nini sabuni ya kuogea isinifae usoni? Mama yangu ametumia sabuni ya kipande maisha yake yote.

Huenda mama ana ngozi yenye mafuta ya kutosha, au anaishi Tanga au Mtwara ambako hewa ina unyevu. Ngozi hazilingani, na hali ya hewa inachangia sana.

Sabuni ya kipande ya kawaida hutengenezwa kwa kupika mafuta ya mawese, ya nazi au ya mnyama pamoja na kostiki, kemikali kali ya alkali. Hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Uso wenye afya huwa na pH ya karibu 5, yaani asidi kidogo. Sabuni ya kipande huwa kati ya 9 na 10. Ukinawa kwa sabuni hiyo, unaondoa vumbi na jasho, lakini unaondoa pia sehemu ya mafuta yanayoshikanisha seli, na unaiacha ngozi ikiwa na alkali. Vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta mapya hufanya kazi vizuri kwenye asidi, kwa hiyo ngozi huchukua saa kadhaa kujirudisha. Ukinawa mara tatu kwa siku, huipi nafasi ya kujirudisha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Dodoma, na wa Dar es Salaam wanaotumia visima vya maji ya chumvi, wanalifahamu vizuri: sabuni haitoi povu, na ukishasuuza unahisi utando unaonata. Maji hayo yana madini ya kalsiamu na magnesi ambayo hushikana na sabuni na kuacha utando huo juu ya ngozi. Hapo mtu huongeza sabuni ili apate povu, na tatizo linakua. Visafishaji visivyo sabuni halisi havifanyi utando huo hata kwenye maji kama hayo.

Kumbe kuna visafishaji visivyo sabuni? Nitavijuaje dukani, maana lebo zimejaa maneno ya kikemia?

Geuza pakiti, achana na maandishi makubwa ya mbele. Maneno kama "laini", "asilia" au "imejaribiwa na wataalamu wa ngozi" hayakuambii kilichomo. Kinachokuambia ni orodha ya viambato iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma, na orodha hiyo huanza na kilicho kingi zaidi. Majina matano au sita ya mwanzo yanatosha kukupa picha.

Ukikuta mwanzoni *sodium palmate*, *sodium tallowate* au *sodium palm kernelate*, hiyo ni sabuni halisi, hata kama kipande kina rangi ya maziwa na picha ya ua. Ukikuta *sodium cocoyl isethionate* au *sodium lauroyl isethionate*, umepata kisafishaji kisicho sabuni, chenye pH iliyo karibu zaidi na ya ngozi. Kwenye visafishaji vya majimaji vya chupa, majina ya kutafuta ni *decyl glucoside*, *coco-glucoside* na *cocamidopropyl betaine*. Hayo huosha taratibu, ingawa lile la mwisho huwasumbua watu wachache wenye mzio nalo. *Sodium lauryl sulfate* likiwa la pili au la tatu kwenye orodha, rudisha chupa rafuni kama ngozi yako ni kavu. Ndilo linalotoa povu jingi na kung'oa mafuta kwa nguvu. *Sodium laureth sulfate*, linalofanana nalo kwa jina, ni afadhali kidogo, lakini si chaguo langu la kwanza.

*Glycerin* ikiwa karibu na mwanzo wa orodha, hiyo ni dalili njema, kwa sababu huvuta unyevu na kuubakiza kwenye ngozi. *Ceramide*, aina ya mafuta yanayoshikanisha seli za ngozi, pia ni nzuri, ila isikufanye ulipe mara tatu ya bei kwa kitu utakachokisuuza. Manukato huandikwa *parfum* au *fragrance*. Kama uso wako huwasha, tafuta isiyo na maneno hayo kabisa. Usidanganyike na isiyo na harufu unapoinusa, kwa sababu nyingine huwekewa manukato ya kufunika harufu ya viambato.

Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na alama ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Chupa ya jina kubwa inayouzwa nusu ya bei barabarani, bila namba ya toleo, usiipeleke usoni.

Bei zinatofautiana sana. Ya ghali ndiyo bora?

Kisafishaji hukaa usoni kwa nusu dakika, kisha kinaenda na maji. Hakina muda wa kutibu mikunjo, kung'arisha wala kulisha ngozi vitamini. Kazi yake ni moja: kutoa uchafu bila kudhuru. Kwa hiyo fedha yako kubwa iende kwenye kile kinachobaki usoni usiku kucha, yaani mafuta au losheni, na kwenye losheni ya kukinga jua ukiweza.

Usilinganishe bei ya chupa kwa chupa, linganisha kwa mililita. Tuseme kuna chupa ya mililita 150 kwa shilingi 12,000 na nyingine ya mililita 500 kwa shilingi 25,000. Wengi huchukua ya kwanza kwa sababu 12,000 ni ndogo. Gawanya: ya kwanza ni shilingi 80 kwa mililita, ya pili ni 50. Ukitumia mililita 2 mara moja kwa siku, chupa ndogo itakwisha baada ya siku 75, na kubwa itakufikisha siku 250. Dada wawili wanaoishi nyumba moja wanaweza kununua kubwa na kugawana. Ila usinunue kubwa kabla hujajua kama ngozi yako inaikubali.

Hata 12,000 sina. Nifanye nini?

Una njia tatu, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni maji matupu. Kama hujapaka vipodozi na hukushinda kwenye vumbi, maji na viganja vyako vinatosha, hasa asubuhi. Ulilala kitandani, hukulima, uso hauna uchafu wa kuhitaji sabuni.

Ya pili ni kipande kisicho sabuni halisi, kile cha *isethionate*. Dove ndiyo inayojulikana zaidi; ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1957 ikiwa kipande cha aina hiyo. Chagua ile ya ngozi nyeti isiyo na manukato, kikate vipande vinne kwa kisu, tumia kimoja na vitatu vihifadhi pakavu. Kipande kikikaa kwenye maji ya bafuni huyeyuka bure.

Ya tatu ni krimu ya *aqueous*, inayouzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya dawa, kwa Kenya hasa. Pakaa kidogo kwenye uso uliolowa, zungusha kwa vidole, suuza. Nasisitiza kusuuza: krimu hiyo kwa kawaida ina *sodium lauryl sulfate* kiasi cha karibu asilimia 1, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba inaweza kuwakera watu, hasa watoto wenye pumu ya ngozi. Kuiacha usoni kama losheni ndilo kosa ninaloliona mara nyingi.

Sabuni za asili je? Mshubiri, manjano, sabuni nyeusi, au limau na sukari?

Sabuni ya mshubiri au manjano ya mjasiriamali wa mtaani bado imepikwa kwa kostiki, kwa hiyo pH yake ni ya sabuni. Kama haikuachwa ikomae wiki za kutosha, kostiki iliyobaki inaweza kuunguza. Sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi hutengenezwa kwa majivu ya mimea, na majivu ni alkali kali. Watu wenye nyuso za mafuta huipenda, na wana haki yao. Kwa ngozi kavu hapana.

Limau liache jikoni. Asidi yake ni kali mno, na juisi yake ikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya wiki au miezi. Sukari na dodoki huchubua uso uliokwisha kuchubuka. Magadi ya kupikia pia yaache.

Sabuni ya mtoto inafaa?

Soma lebo yake vilevile. Nyingi ni sabuni ya kawaida yenye manukato mengi na picha ya mtoto.

Naswali swala tano, uso unaloa mara tano kwa siku. Ukavu utaisha kweli?

Utapungua sana. Maji ya udhu hayahitaji sabuni, na yawe ya kawaida, si ya moto. Ukimaliza, gusagusa uso kwa kitambaa laini, usisugue, kisha pakaa losheni nyepesi wakati ngozi bado ina unyevu. Mafuta ya mgando yaweke usiku baada ya swala ya Isha, hapo yatakaa saa nyingi bila kuoshwa. Kisafishaji kitumie mara moja tu, jioni.

Hata asiyeswali afuate utaratibu huohuo. Dakika mbili tatu baada ya kunawa ndizo muhimu, kwa sababu mafuta hufungia maji yaliyopo. Ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, kuna maji machache ya kufungia. Gliserini ya chupa ndogo ni rafiki wa mfuko, lakini usiipake ikiwa tupu kwenye hewa kavu. Changanya matone machache na maji kiganjani.

Nina chunusi na ngozi kavu kwa pamoja. Nikiacha sabuni kali, si zitaongezeka?

Chunusi haziletwi na uchafu, na kuosha zaidi hakuziondoi. Dawa nyingi za chunusi zenyewe hukausha, kwa hiyo aliye kwenye dawa anahitaji kisafishaji laini kuliko mtu mwingine. Epuka tu mafuta ya nazi usoni, maana huwazibia vinyweleo watu wengi wa aina yako.

Kila kitu kinaniwasha, hata maji. Tatizo ni sabuni?

Hapo nitakuuliza kwa upole: umewahi kupaka krimu au sabuni ya kung'arisha? Nyingi zina dawa kali za steroidi kama *clobetasol* au *betamethasone*, nyingine haidrokwinoni, nyingine zebaki. Steroidi huikondesha ngozi mpaka maji yanachoma, na zebaki hudhuru figo. Ukiona *mercuric iodide* au *calomel* kwenye pakiti, hiyo ni zebaki, acha leo. Kama ni steroidi uliyoitumia miezi mingi, nenda kwa daktari akusimamie kuiacha, kwa sababu uso unaweza kulipuka vibaya ukikatisha ghafla peke yako. Nenda na pakiti yenyewe. Hakuna sababu ya kuona aibu. Daktari anahitaji kujua ili akusaidie.

Nimebadilisha kisafishaji. Nitajuaje kama kinanifaa?

Kabla ya uso, kijaribu kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku kwa siku 7, ukisuuza kama kawaida. Ngozi ikikaa salama, anza usoni. Siku ya kwanza nawa, kausha, kaa dakika 10 bila kupaka chochote. Uso ukikaza, ni kikali kwako hata kama kinamfaa jirani.

Mkazo hupungua ndani ya wiki moja. Ngozi yenyewe hujibadilisha kwa muda wa karibu wiki 4, kwa hiyo usirukeruke chupa hii na ile kila baada ya siku tatu. Wiki hizo zikipita bila nafuu, au kukiwa na mipasuko inayotoa majimaji, muwasho unaokunyima usingizi, au vidonda, nenda kliniki ya ngozi. Kanda ya Kaskazini ipo ya hospitali ya KCMC, Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Na ukiona baka lililofifia ambalo ukiligusa kwa pamba husikii, usilipake chochote. Nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo upimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na ukiwahi unapona bila ulemavu.