Uchukuzi rafiki kwa mazingira katika mlango wa mto wa pamoja: maana yake

Uchukuzi rafiki kwa mazingira ni utaratibu mzima wa kusafirisha, kuhifadhi na kupakua mizigo kwa namna inayotumia mafuta kidogo, inayopunguza moshi na taka, na isiyoharibu mahali mizigo inapopitia. Wengi hukomea kwenye moshi. Lakini pale mto wa nchi mbili unapoingia ziwani, kama Mto Sio unavyoingia Ziwa Victoria mpakani mwa Kenya na Uganda, sharti la mwisho, la kutoharibu mahali, ndilo zito zaidi.

Hesabu ya mafuta ni nyepesi: tani ya mzigo ikienda kwa meli huhitaji mafuta kidogo kuliko ikibebwa kwa lori, na ndiyo faida ya meli ya MV Uhuru, inayobeba mabehewa ya reli kutoka Kisumu. Hata foleni ya malori kwenye mpaka wa Busia imo katika dhana hii, kwa kuwa injini inayonguruma huku dereva akisubiri karatasi huchoma mafuta bila kusogeza mzigo.

Mlango wa mto, hata hivyo, una kazi zake. Mafunjo yanayoota hapo huzuia tope lisisambae ziwani, huchuja mbolea inayoletwa na mvua kutoka mashambani, na huwaficha samaki wachanga. Mbolea ikipita bila kuchujwa hulisha gugu maji, na gugu maji, kama wakazi wa Kisumu wanavyojua vizuri, hufunga njia ya vyombo vilevile vilivyokusudiwa kubeba mizigo. Kwa hiyo gati linalojengwa kwa kufyeka mafunjo na kufukia kinamasi siwezi kuliita rafiki kwa mazingira, hata kama mitambo yake yote inatumia umeme wa jua. Vivyo hivyo, kuchimba tope ili kuongeza kina hakufai msimu wa mvua, wakati samaki aina ya ningu wanapanda mto kutaga mayai.

Nalo neno "pamoja" lina uzito wa kisheria. Tope lililotibuliwa upande mmoja huvuka mpaka bila kibali, na ndiyo maana itifaki ya mwaka 2003 ya maendeleo endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria inazitaka nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuarifiana kuhusu miradi inayoweza kuwaathiri jirani. Arifa hiyo ingefaa iwafikie pia wavuvi wa mji wa Sio Port, upande wa Kenya, na wenzao wa ng'ambo kabla ramani ya gati haijachorwa, kwa sababu wao ndio wanaojua ningu hupitia wapi.