Nyaya za Umeme na Lukemia ya Watoto: Yanayosemwa na Yanayojulikana

Mpangaji anayetafuta nyumba Embakasi, Kayole au Dandora, jijini Nairobi, ambako nyaya za msongo mkubwa hupita kuelekea vituo vya umeme, huonywa na majirani kwamba watoto wanaolelewa karibu nazo hupata lukemia, yaani saratani ya damu. Wakala wa nyumba naye atamwapia kwamba hizo ni porojo tupu. Wote wawili wanasema kupita wanachokijua.

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha kuwa uga sumaku wa umeme, yaani nguvu ya sumaku inayouzunguka waya wenye mkondo, husababisha lukemia. Haijathibitisha. Hofu hii ilitokana na utafiti wa Nancy Wertheimer na Ed Leeper uliochapishwa mwaka 1979 kuhusu watoto wa Denver, Marekani, ambao ulikadiria nguvu ya uga hasa kwa kutazama aina ya nyaya na umbali wake na nyumba. Tafiti za baadaye zilipima uga wenyewe, na mwaka 2000 Anders Ahlbom na wenzake wakaunganisha tafiti 9 zenye watoto 3,247 waliougua lukemia. Katika nyumba zenye wastani wa maikrotesla 0.4 (kipimo cha nguvu ya uga) au zaidi, hatari ilionekana kuwa takriban maradufu. Chini ya kiwango hicho haikuonekana kuongezeka. Hata hivyo, wagonjwa waliotoka katika nyumba hizo za kiwango cha juu walikuwa 44 tu, na kwa idadi ndogo kama hiyo, tofauti kati ya familia zilizokubali kupimwa na zilizokataa inatosha kupotosha matokeo.

Ndiyo sababu shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka uga huu mwaka 2002 katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Katika kundi hilo hilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri, na sijasikia mtu akihama mtaa kwa kumkimbia jirani aliyepanda mshubiri.

Wanaosema hakuna lolote nao wanakosea, kwa kuwa uhusiano huo wa kitakwimu umejirudia na bado haujapata maelezo ya kuridhisha. Kinachokosekana ni njia ambayo uga ungeitumia kumdhuru mtoto: umeme wetu wa hezi 50 hauna nishati ya kuvunja vifungo vya kemikali ndani ya seli, tofauti na mionzi ya eksirei, ambayo kwa kipimo kikubwa inajulikana kuleta lukemia.

Ushahidi wa Uingereza unafikirisha zaidi. Mwaka 2005 Gerald Draper na wenzake waliona ongezeko la lukemia kwa watoto waliozaliwa karibu na nyaya za msongo mkubwa, hata kwa umbali wa kati ya mita 200 na 600, ambako uga wa nyaya hizo umefifia kiasi cha kumezwa na ule wa vyombo vya nyumbani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia miongo kadhaa, ukaonyesha kwamba ongezeko hilo lilikuwa kubwa miaka ya 1960, likapungua, na kufikia miaka ya 2000 halikuwepo tena. Kama uga wenyewe ndio ungekuwa chanzo, ni vigumu kueleza kwa nini madhara yake yafifie huku nyaya zikiendelea kubeba umeme; mabadiliko katika aina ya watu wanaoishi karibu nazo yanaelekea kueleza zaidi.

Wengi pia hupima hatari kwa volti. Uga sumaku hutokana na mkondo, yaani ampea, na hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali. Waya wa kwenda na wa kurudi vikikaa pamoja, uga wa mmoja hufuta sehemu kubwa ya uga wa mwingine. Vikitenganishwa, kama inavyotokea katika umeme wa kuunganishwa kinyemela, uga hutanda zaidi. Hapo, hata hivyo, mtoto yumo katika hatari ya kupigwa shoti na ya moto kabla hata ya kufikiria saratani.

Kubandika karatasi ya alumini ukutani hakusaidii, kwani uga huu hupenya ukuta na karatasi hiyo pia. Mzazi ambaye kitanda cha mtoto wake kimeegemea ukuta wenye mita za umeme za wapangaji wote kwa upande wa pili anaweza kukisogeza mita moja au mbili, jambo lisilogharimu chochote. Mtoto anayepauka, mwenye homa zisizokoma, michubuko isiyo na sababu au maumivu ya mifupa anahitaji kupimwa damu hospitalini, awe anaishi chini ya nyaya au mbali nazo.