Mtoto wa Kongo katika shule ya Uganda: Kiingereza kisiwe kipimo pekee

Mtoto aliyemaliza darasa la tano Kivu Kaskazini akivuka kuingia Uganda, mara nyingi hurudishwa P.2 au P.3, yaani darasa la pili au la tatu la msingi. Kisa hajui Kiingereza, na Uganda kuanzia P.4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Hesabu zake hakuna anayeziuliza. Basi unamkuta kijana wa miaka 13 amebanwa dawati moja na watoto wa miaka minane, na huyo ndiye anayeacha shule mapema, hasa akiwa msichana.

Mimi nashauri apewe majaribio mawili. La kwanza ni hesabu tupu, bila mafumbo: matendo manne na sehemu, maelekezo kwa Kiswahili, maana watoto wengi wa Kivu wanakielewa. La pili asome kwa sauti aya fupi ya Kifaransa au Kiswahili. Asiyekwama kusoma anajua. Kilichobaki ni lugha. Darasa lipangwe kwa hesabu, Kiingereza apewe kipindi cha ziada kila siku.

Anayesahihisha awe macho. Wakongo hugawanya kwa mtindo wa Kifaransa: 84 kwa 4, basi 84 inakaa kushoto, mstari wa wima katikati, 4 kulia, na jibu 21 chini ya ile 4. Mwalimu aliyezoea jibu kukaa juu anaona vurugu, anaweka kosa. Desimali nayo huandikwa kwa mkato: 3,5 ni tatu na nusu. Mwandikie bei ya shilingi 3,500, naye anaweza kuisoma tatu na nusu vilevile. Kwenye imla ya herufi, taja E kwa Kiingereza, ataandika I. Taja G, ataandika J. Mtoto hajakosa akili, anasikia Kifaransa. Rudieni alfabeti kila asubuhi.

Kalenda pia hazilingani. Kongo mwaka wa shule huanza Septemba, Uganda Februari. Anayefika Septemba anaangukia muhula wa tatu, mitihani ya kupanda darasa imekaribia. Apokelewe, ila mitihani hiyo isimwamulie darasa. Apimwe upya Februari.

Aliyepitwa sana na umri kuna elimu ya kasi, ngazi tatu zinazofupisha miaka saba ya msingi kuwa mitatu.

Na majina: Wakongo wengi wana matatu, shule huandika mawili. Nakili yote, kwa mpangilio ule ule wa hati yake ya ukimbizi, kabla ya usajili wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, usajili ambao hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani wa Novemba.